Mzee mwenye demensia: nani aamue, lini, na kwa kiasi gani?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu mijadala mingi kuhusu wazee wenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huanza na swali ambalo, kwa maoni yangu, limeulizwa vibaya. Familia huuliza: "Je, mzee bado ana akili zake au hana?" Likija jibu kwamba hana, kila kitu huhamia mikononi mwa wengine kwa mkupuo mmoja: fedha zake, nyumba yake, dawa zake, hata saa ya kulala na watu wanaoruhusiwa kumtembelea. Likija jibu kwamba bado anazo, huachwa atie saini kila karatasi anayowekewa mbele. Majibu yote mawili huumiza. Swali linalofaa ni refu zaidi kidogo: ni uamuzi gani unaotakiwa, unatakiwa lini, na mzee anaweza kuufanya akipewa msaada wa namna gani?

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana hapo ndipo watu wa sheria hujikwaa. Demensia ni mkusanyiko wa dalili zinazosababishwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, ukiwa na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wengine huugua kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imeziba au kupasuka, wengine kwa sababu ya mabonge ya protini yanayoitwa miili ya Lewy, na wengine kwa sababu sehemu za mbele na za pembeni za ubongo zimesinyaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tofauti ya aina hizi si jambo la madaktari peke yao. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeanzia sehemu ya mbele ya ubongo anaweza kufaulu vizuri kipimo cha kumbukumbu, akataja tarehe ya leo na kuhesabu kurudi nyuma bila kukosea, na bado akawa amepoteza ule uwezo wa kujizuia unaomfanya mtu asimkabidhi akiba yake yote mgeni aliyempigia simu. Mgonjwa wa miili ya Lewy anaweza kuwa timamu asubuhi, akachanganyikiwa alasiri, na kesho yake mambo yakageuka. Mgonjwa wa Alzheimer aliye katika hatua za mwanzo husahau alichokula mchana, lakini anajua bila kusitasita ni mtoto yupi anayemwamini na kwa nini. Wote watatu wameandikiwa demensia katika jalada la hospitali, na neno hilo peke yake halimwambii hakimu, wala mwenye benki, wala mtoto wa mzee, chochote cha maana kuhusu uamuzi ulio mezani.

Yapo pia magonjwa yanayojifanya demensia na ambayo mengi yake yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, sonona, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya mzee kuanguka, dawa nyingi zinazogongana mwilini, na hali ya kuchanganyikiwa kwa ghafla inayoletwa na maambukizi. Mzee aliyeanza kuweweseka juzi hapaswi kupelekwa kwa wakili. Apelekwe kwanza hospitali. Nimeona watu wakikimbilia kubadilisha hati za mali katika juma ambalo mgonjwa alihitaji dawa ya kuua bakteria.

Sasa tuje kwenye sheria. Nchi zinatofautiana, lakini wazo lililo wazi zaidi ninalolijua limo katika Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya England na Wales ya mwaka 2005. Sheria hiyo inaanza kwa kuchukulia kuwa kila mtu mzima ana uwezo wa kuamua hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayedai kuwa uwezo huo haupo. Inataka mtu asaidiwe kwa kila njia inayowezekana kabla ya kusemwa kuwa ameshindwa. Inatamka kuwa uamuzi usio wa busara si ushahidi wa kukosa uwezo. Na hili naomba tulikazie, kwa sababu wengi wetu tulio na akili timamu tumefanya maamuzi ya hovyo na hakuna aliyetupokonya kitambulisho. Kisha inauliza mambo manne kuhusu uamuzi mahususi: je, mhusika anaelewa taarifa zinazohusika, anaweza kuzishika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua, anaweza kuzipima, na anaweza kuwasilisha jibu lake kwa maneno, ishara au njia nyingine?

Angalieni maneno "kwa muda wa kutosha kuamua". Kusahau kesho yake hakufuti uamuzi uliofanywa leo kwa uelewa. Angalieni pia kuwa kipimo hiki hakina alama za kufaulu na kufeli. Kile kipimo maarufu cha alama 30 kilichochapishwa mwaka 1975, ambacho mgonjwa huulizwa tarehe, huchora umbo na kurudia maneno, kilibuniwa kupima hali ya akili kwa jumla, wala hakisemi kama mtu anaelewa maana ya kuuza nyumba yake.

Katika suala la wosia, mahakama za nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotokana na England (common law) bado zinaegemea hukumu ya Banks dhidi ya Goodfellow ya mwaka 1870. Mtoa wosia anatakiwa aelewe kuwa anatoa wosia na athari zake, ajue kwa ujumla ukubwa wa mali yake, awafahamu watu wenye madai ya haki kwake, na pasiwe na imani potofu za ugonjwa zinazopotosha ugawaji wenyewe. Kinachonivutia ni kuwa bwana Banks aliamini kwamba anaandamwa na pepo wabaya na mtu aliyekwisha kufa. Mahakama iliukubali wosia wake hata hivyo, kwa kuwa imani hizo hazikugusa namna alivyogawa mali. Karne moja na nusu iliyopita majaji walishaona kwamba akili haizimiki yote kwa pamoja; sisi bado tunabishana.

Tatizo kubwa kuliko yote ni muda. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo huo, hati ya uwakilishi ya kawaida, ile unayompa mtu akusimamie mambo yako, hukoma pale wewe uliyeitoa unapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati ule ule unapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana jimbo la Virginia nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 1954 kuruhusu hati inayoendelea kuishi baada ya mtoaji kudhoofika, na England na Wales zikafuata mwaka 1985. Anayetayarisha hati leo lazima ahakikishe kuwa sheria ya nchi yake inatambua hati ya kudumu ya namna hiyo, na kwamba maneno yenyewe yanasema wazi kuwa mamlaka yataendelea. Ahakikishe pia inahusu nini: mara nyingi mamlaka juu ya fedha hayampi mwakilishi haki ya kuamua juu ya upasuaji au mahali pa kuishi.

Bila hati hiyo, njia inayobaki ni mahakama kuteua msimamizi, na hapo mzee anaweza kupoteza kila kitu kisheria, hata haki ya kupiga kura au kuoa. Ujerumani ilifuta mwaka 1992 utaratibu wa kumtangaza mtu mzima kuwa hana hadhi kisheria, ikaweka msaidizi anayeteuliwa kwa mambo yale tu ambayo mhusika ameshindwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 12, unakwenda mbali zaidi: unatambua hadhi ya kisheria ya kila mtu kwa usawa, na kamati inayousimamia ilieleza mwaka 2014 kuwa mifumo ya kumwamulia mtu iondolewe, badala yake asaidiwe kuamua mwenyewe. Mimi naiunga mkono kamati katika mwelekeo, lakini siioni ikijibu hali ya mgonjwa wa hatua ya mwisho asiyesema tena wala kutambua watu. Hapo kuna mtu atakayeamua, tupende tusipende, na ni heri tumwite mwamuzi na kumdai hesabu kuliko kumwita msaidizi na kumwacha bila usimamizi.

Karibuni tujadili. Naomba michango ijikite kwenye hoja.

Mlezi wa Mama

Ndugu mleta mada, asante kwa uchambuzi. Mimi ndiye ninayeishi na mama na kumhudumia. Ndugu zangu wako mbali, hutuma fedha wanapoweza, na sasa wanataka nyumba yake iuzwe kwa hoja kwamba "hata hajui yuko wapi". Mama anajua yuko wapi. Anachosahau ni siku na majina ya wajukuu. Nikiwaambia hivyo wananijibu kuwa napinga kwa sababu nanufaika kwa kukaa humo. Nifanyeje ili nisionekane mwenye tamaa?

Mleta mada

Dada yangu, pole kwa mzigo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, walezi wasiolipwa hutumia wastani wa saa tano kila siku kumsaidia na kumwangalia mtu mwenye demensia, na wanawake hubeba asilimia 70 ya saa hizo. Kazi hii haionekani mpaka mtu ajaribu kuilipia.

Ndugu zako wana hoja moja ya kweli: una maslahi katika nyumba ile. Lakini na wao wana maslahi katika kuuzwa kwake, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuwa mwamuzi wa uwezo wa mama. Ombeni daktari asiyekuwa na uhusiano nanyi amtathmini kuhusu uamuzi huu mmoja, akutane naye faragha, saa ambazo mama huwa na nguvu, akiwa amevaa miwani yake na kifaa cha kusikia kama anakitumia. Aulizwe maswali ya kawaida: nyumba hii ni ya nani, ikiuzwa utaishi wapi, fedha zitatumikaje? Majibu yaandikwe kama alivyoyatamka.

Kama anaweza, uamuzi ni wake na mjadala unaishia hapo. Kama hawezi, swali linakuwa ni nini kinachomfaa yeye, na matakwa aliyowahi kuyasema yana uzito. Kwa upande wako, weka daftari la mapato na matumizi, tenganisha fedha zake na zako, na kama mama bado ana uwezo wa kukubaliana kuhusu malipo au haki yako ya kukaa pale, yaandikwe sasa mbele ya wakili aliyemchagua mwenyewe. Akaunti ya pamoja naiogopa. Inarahisisha kulipa ankara, lakini baadaye hakuna anayeweza kueleza shilingi ipi ilikuwa ya nani.

Mpenda Ukoo

Nasoma kwa heshima, lakini napinga. Mnaleta mahakama, mikataba na madaktari katika jambo ambalo familia zimelibeba tangu dunia iumbwe. Mzee anatunzwa kwa upendo na utii. Mkishaanza kumdai mtoto hati na hesabu, mmeshamwambia kuwa ni mwizi mtarajiwa. Na mzee mwenyewe ataona watoto wake wanasubiri afe.

Mleta mada

Ndugu yangu, sheria haiandikwi kwa ajili ya familia inayoelewana. Hiyo ingeendesha mambo hata bila karatasi, isipokuwa mbele ya benki na hospitali, ambazo hazina njia ya kujua ni nani kati yenu anayesema kweli. Inaandikwa kwa ajili ya ile nyingine. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takribani mtu mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi alitendewa unyanyasaji wa aina fulani katika kipindi cha mwaka mmoja, na demensia humweka mzee katika hatari zaidi. Wanaohusika mara nyingi ni watu wa karibu, kwa sababu ni hao wanaojua namba ya siri ya kadi na mahali palipofichwa hati. Upendo na wizi vimewahi kukaa katika nyumba moja, na wakati mwingine katika mtu mmoja, ambaye huanza kwa kukopa.

Kuhusu hisia za mzee, nakubaliana nawe kuwa namna ya kulianzisha jambo ina uzito. Mtu mwenye miaka 50 akitayarisha hati yake mbele ya watoto, ni rahisi zaidi kuliko kumletea kalamu mwenye miaka 80 siku tatu baada ya kupewa majibu ya vipimo.

Muuguzi Mstaafu

Nimefanya kazi wodini na katika makazi ya wazee kwa muda mrefu, naomba niongeze upande wa matunzo, kwa kuwa haki za mgonjwa huvunjwa mara nyingi zaidi bafuni na mezani kuliko mahakamani.

Mgonjwa anayepiga kelele, anayepiga watu au anayekataa kuoga huitwa mkorofi, kisha hupewa dawa za kutuliza zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya akili kama skizofrenia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la ngazi ya juu kuwa kundi jipya la dawa hizo huongeza vifo miongoni mwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi kundi la zamani. Ripoti iliyoandaliwa kwa serikali ya Uingereza mwaka 2009 ilikadiria kuwa wagonjwa 180,000 walikuwa wakipewa dawa hizo kila mwaka nchini humo, na kwamba vifo vya ziada 1,800 kwa mwaka vilitokana nazo. Sisemi zisitumike kabisa. Mgonjwa anayeona vitu vya kutisha na kuwa hatari kwake mwenyewe na kwa wengine anaweza kuzihitaji, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, kukiwa na tarehe ya kuangalia upya. Na mwenye miili ya Lewy anaweza kudhurika vibaya sana na dozi ambayo mwingine angeivumilia.

Kabla ya dawa, tafuteni maumivu. Jino bovu, choo kilichofunga siku nyingi, kibofu kilichojaa, kidonda kilichofichwa na nguo. Mtu asiyeweza kusema "naumwa nyonga" atakusukuma unapomgeuza, na wewe utaandika kwamba ana fujo. Bafuni, jiulizeni kama maji ni ya baridi, kama amevuliwa nguo zote mbele ya mtu asiyemtambua, kama mnamharakisha. Mwanasaikolojia Tom Kitwood alionyesha kuwa sehemu ya kudhoofika tunakokulaumu ugonjwa huletwa na namna watu wanaomzunguka mgonjwa wanavyomtendea: kumsemesha kama mtoto, kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo, kumharakisha kuliko anavyoweza kufuata. Nimeyaona yote hayo, na nimeona wagonjwa wakitulia pale mhudumu mmoja tu alipobadilika.

Jambo la mwisho ni chakula. Mgonjwa wa hatua ya mwisho anaposhindwa kumeza, familia huomba awekewe mpira wa kulishia kwa hofu kwamba atakufa njaa. Utafiti haujaonyesha kuwa mpira huo unarefusha maisha yake au unazuia chakula kuingia mapafuni, na mara nyingi mgonjwa huishia kufungwa mikono ili asiung'oe. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinapendekeza kulisha kwa mkono, kidogo kidogo, kadiri anavyopokea. Inachukua muda mrefu, ndiyo sababu taasisi zenye wafanyakazi wachache huupenda mpira.

Mjukuu Mkubwa

Shikamoo Mama Muuguzi. Nina swali la dhamiri. Bibi huuliza kila jioni babu atarudi saa ngapi. Babu alishafariki. Tukimwambia ukweli analia kama anausikia mara ya kwanza; tukimwambia "yuko njiani" analala kwa amani. Je, tunamtendea dhambi?

Muuguzi Mstaafu

Marahaba, mjukuu wangu. Kumpa habari za msiba kila jioni ni ukatili usiokuwa na faida, maana ukweli huo hautamsaidia kuamua lolote. Lakini usikimbilie uongo kabla ya kujaribu njia ya katikati. Mwambie, "Unamkumbuka sana babu. Hebu nieleze mlivyokutana." Mara nyingi anachotafuta si saa ya kurudi bali ni utulivu wa kuwa na mtu. Siku akikuuliza macho makavu, "Hivi mume wangu amekufa?", mjibu kweli, kwa upole, na ukae naye.

Mleta mada

Nakubaliana na mama, na naongeza mpaka mmoja. Uongo unaomwezesha bibi kulala ni tofauti na uongo unaomfanya atie saini au ameze dawa asiyoijua. Kuficha dawa kwenye chakula, kwa mfano, si jambo la mlezi kuamua jikoni peke yake. Liamuliwe na daktari pamoja na wanaomjua mgonjwa, baada ya kuthibitika kuwa hana uwezo wa kukataa kwa uelewa, na mfamasia athibitishe kuwa dawa hiyo haiharibiki ikisagwa. Yaandikwe, na yaangaliwe upya.

Swali hili limenikumbusha mgogoro mkubwa zaidi wa kimaadili. Mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin alitetea kuwa matakwa ambayo mtu aliyaandika akiwa timamu yaheshimiwe hata kama mgonjwa wa leo anaonekana mwenye furaha, kwa sababu maisha ni yake yote na ana haki ya kuamua yaishie vipi. Profesa wa sheria Rebecca Dresser akamjibu kuwa aliye mbele yetu ni huyu wa leo, mwenye raha na maumivu ya leo, na si haki kumtoa kafara kwa ajili ya mtu ambaye hakuweza kujua hali hii ingekuwaje. Uholanzi iligongana na swali hilo mahakamani: daktari alimsaidia kufa mgonjwa wa demensia mwaka 2016 kwa kufuata tamko lake la maandishi, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema tamko la namna hiyo linaweza kufuatwa. Mimi nazigawa hoja hizi kwa kadiri ya uzito. Maandishi ya zamani yanipe mwongozo kuhusu matibabu gani yasitolewe, kwa mfano kufufuliwa moyo ukisimama au kulishwa kwa mpira. Hayanipi ruhusa ya kumtendea jambo mtu anayekataa kwa mikono yake miwili.

Mdogo wa Mwisho

Naomba kuuliza mawili kwa pamoja. Daktari amethibitisha demensia ya baba lakini kaka anataka tumfiche. Pili, baba hutoka nyumbani usiku. Tumeanza kufunga mlango kwa kufuli. Akiumia au akisababisha ajali, tutashtakiwa sisi?

Mleta mada

Kuhusu kumficha: muulizeni baba mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Akisema hataki, ni haki yake. Lakini kumnyima habari bila kumuuliza ni kumpokonya kipindi pekee alichonacho cha kuchagua mwakilishi, kuandika wosia, kuamua kuhusu kuendesha gari na kusema anayotaka kusema. Akiamua kuandika wosia, fuateni ushauri uliotolewa na jaji wa England mwaka 1975, unaofuatwa huko hadi leo: wosia wa mtu mzee au mgonjwa sana ushuhudiwe na daktari aliyekwisha kumpima na kuandika alichokiona. Video si mbadala wa hilo. Nimeona video zilizotengenezwa kwa nia njema zikiwasaidia wapinzani, kwa sababu mzee aligeuka kumtazama mtoto wake kabla ya kila jibu.

Kuhusu kufuli, mahakama ya juu ya Uingereza ilisema mwaka 2014, katika shauri la watu wenye ulemavu wa akili, kwamba mtu anayeangaliwa muda wote na asiyeruhusiwa kuondoka amenyimwa uhuru wake, hata kama makazi ni mazuri na yeye halalamiki. Hoja haikuwa kwamba asizuiwe kamwe, bali kwamba mtu wa nje akague sababu. Nyumbani, anzeni na hatua nyepesi: kengele mlangoni, taa za usiku, matembezi ya mchana ili achoke, kifaa cha kuonyesha alipo ambacho ameelezwa na kukikubali angali anaelewa. Kufuli ambayo hata mlezi hawezi kuifungua haraka ni hatari zaidi ya matembezi yenyewe, moto ukitokea.

Dhima inategemea nchi, lakini lipo shauri la kujifunza. Desemba 2007, mjini Obu nchini Japani, mzee wa miaka 91 mwenye demensia alitoka nyumbani wakati mkewe, mwenye miaka 85, alipopitiwa na usingizi, akaingia njia ya reli na kugongwa na treni. Kampuni ya reli iliidai familia fidia ya zaidi ya yeni milioni 7 kwa usumbufu wa usafiri. Mahakama ya kwanza iliwaamuru mke na mtoto wa kiume walipe. Ya rufaa ikambakizia mke nusu ya deni. Machi 2016 Mahakama ya Juu ikafuta yote, ikieleza kuwa kuwa mke au mtoto peke yake hakumfanyi mtu awe msimamizi mwenye dhima. Huangaliwa afya ya mlezi mwenyewe, kama anaishi na mgonjwa, na kiasi anachoweza kumwangalia kwa kweli.

Mlezi wa Mama

Hiyo hukumu ya Japani imenigusa. Mtu akisinzia anashtakiwa! Swali langu la mwisho: mama amekubali kunitaja mimi kuwa mwakilishi wake, na wakili amesema bado anaelewa. Je, nikubali peke yangu?

Mleta mada

Usikubali peke yako, hata kama ndugu zako watakuruhusu. Mwombe mama ataje wawili, na hati iseme ni mambo gani mmoja wenu anaweza kuyafanya mwenyewe, kama kununua dawa, na ni yapi yanahitaji saini zote mbili, kama kuuza au kukopa. Iseme kuwa mwakilishi hawezi kujipa zawadi kutoka mali ya mama, na kwamba hesabu zitapelekwa kila mwaka kwa mtu wa tatu anayetajwa kwa jina. Pia atajwe mbadala, kwa sababu nawe unaweza kuugua au kufa kabla yake. Wazee wengi humtaja mwenza wao mwenye umri ule ule na hawaandiki mwingine. Mpangie wakili asubuhi, na wewe subiri nje ya chumba.

Ndugu Mpenda Ukoo, bado nasubiri jibu lako kuhusu benki na hospitali.